Unga wa Kuongeza Kinga

"Umenitilia unga wako kwenye uji? Miezi miwili?"

"Punguza sauti, mpenzi..."

"Sipunguzi! Vidonge vyangu viko wapi?"

"Nilivitupa chooni. Hivyo unavyomeza ni vitamini. Kikaratasi chenyewe kimeandikwa vinashusha kinga! Mgonjwa anashushwaje kinga, jamani? Si kama kumvua mtu koti kwenye mvua?"

Dada, fundi cherehani, akaegemea mashine yake. Vidole vimemvimba, hata kwenye mkasi haviingii. Asubuhi daktari kamwambia figo zimeanza kushambuliwa, akamuuliza: dawa unakunywa au unazitazama?

Na huyu bwana, muuza unga wa makopo wa kuongeza kinga, alikuwa anajua kila kitu. Walikutana kwenye foleni ya dirisha la dawa, yeye kaenda kutafuta wateja, suti ya bluu, viatu vimechongoka. Akamwona dada kajifunika mikono mirefu na kofia pana, akamtania, "Kipusa, unajificha nani?" Dada akacheka. "Najificha jua. Nina lupasi, ule ugonjwa wa kinga kumgeukia mwenyewe." Mapenzi yakaanza hapo hapo.

"Nilikueleza, wewe! Kinga yangu haijapungua, imepagawa. Wale askari wa kwanza, tunaozaliwa nao, wanapiga king'ora na mwizi hayupo. Wanajipasua, wanamwaga uchafu wao kwenye damu, wenzao wanakuja kupigana na huo uchafu, kipigo kinaishia kwenye figo zangu. Vidonge ndivyo vilikuwa vinawatuliza!"

"Daktari kakukaririsha."

"Na hii picha yangu kwenye simu yako? 'Kabla na baada ya unga'? Mashavu hayo yalijazwa na vidonge, mwongo mkubwa!"

"Bebi, watu wanaipenda."

Dada akakaa chini kabisa, sakafuni, kwenye vipande vya vitambaa.

"Sema umekosea. Neno moja tu. Futa picha, waambie watu. Mimi mjinga, bado nakupenda, nitakusamehe."

Jamaa akafungua mdomo. Kweli alitaka kusema. Wiki ile kampuni ya unga imempandisha cheo, kapewa watu wa chini yake, na picha ndiyo iliyompandisha.

Simu ikaita. Kwa mazoea akaweka sauti kubwa.

"Kaka wa unga? Mimi yule mama wa binti mwenye ugonjwa kama wa mchumba wako. Kopo la kwanza kamaliza. Sasa vile vidonge vya hospitali aache?"

Dada akamtazama usoni, anatikisa kichwa. Jamaa akarekebisha tai.

"Aache, mama. Mchumba wangu aliacha. Si umemwona kwenye picha?"

"Ubarikiwe, mwanangu."

"Mama, asiache!" Dada akarukia simu, vidole vikakataa kukunjika, ikaponyoka ikaanguka. Ilikuwa imeshakatika.

"Nipe namba yake. Nakuomba. Ni mtoto yule!"

Jamaa akaiokota, akafuta kioo kwa tai, akachukua mkoba wake wa makopo.

"Una hasira tu. Ukitulia utanipigia."

Akatoka, akafunga mlango, simu sikioni, anamuuliza yule mama kama atachukua makopo mawili.