Kuku Saba wa Harusi ya Kasimu

"...saba! Wote saba, Subira, wala hata mumoja hakunishinda! Ona!"

Mathilde alikuwa amesimama nyuma ya jiko, kisu mkononi, manyoya mpaka kwenye nywele, anacheka meno yote nje. Mbele yake kuku saba wamelala, wamepangwa kama wanafunzi kwenye mstari wa asubuhi. Subira akawaangalia, na moyo ukamruka, paa!

"Mathilde! Nani amekutuma?"

"Hakuna mutu. Ulichelewa, nikakusaidia tu. Kwetu Kabambare, mi ndiye nachinja kuku tangu niko na miaka nane."

Masikini Mathilde! Hakujua kitu. Siku hiyo ilikuwa ni harusi, na harusi gani! Kasimu, kaka yake Subira, fundi wa kushona pale Kasongo, alikuwa anamuoa Albertine wa Kabambare, dada yake Mathilde. Watu wa Kasimu ni Waislamu tangu zamani za mababu. Watu wa Albertine wanasali misioni. Walikuja na kamio, lori ya kubeba pamba, siku mbili nyuma, karatasi zao za ruhusa ya njia mfukoni, vumbi mpaka masikioni, na Subira na Mathilde wakawa marafiki siku ileile, chanda na pete.

Asubuhi baba yao, Baba Bulaimu, alikuwa amempa Subira wale kuku. "Peleka kwa Mwalimu Sumaili awachinje. Moja kwa moja, mama, usisimame njiani." Maana katika nyumba ya Kiislamu kuku lazima achinjwe na Mwislamu, na jina la Mungu litajwe. Pale Kasongo jambo hilo hata kuku wenyewe wanalijua!

Lakini Subira hakufika hata njiani. Kamio ilipiga honi barabarani, na juu yake kulikuwa na kitanda cha chuma cha bwana harusi, kitanda chenye springi, cha kwanza mtaani! Akawafunga kuku kwenye nguzo ya jiko. "Dakika moja tu," akasema. Watoto walikuwa wanabonyeza zile springi kwa viganja, zinaruka, wanacheka, wanabonyeza tena. Dakika moja ikazaa saa nzima.

Sasa kuku wamekufa, na hakuna aliyewasomea Bismillahi.

"Tukamwambie baba yako," alisema Mathilde alipoelezwa. Kicheko chake kilikuwa kimekauka.

"Hapana! We hujui Shangazi!"

Shangazi Aziza ndiye alimlea Kasimu, na neno lake katika nyumba ile lilikuwa zito kama jiwe la kusagia. Tena alikuwa na kidonda moyoni. Siku mbili alikuwa anampikia Mama Emilienne, mama ya bibi harusi, nyama ya mbuzi nzuri na wali mweupe. Na siku mbili Mama Emilienne alikuwa anasukuma sahani polepole. "Nimeshiba, mama. Aksanti sana."

"Anashiba nini? Upepo?" Shangazi aliwaka jikoni. "Anadharau chungu changu! Watu hawa hawatutaki. Wakikosea kitu kimoja tena, kimoja tu, namwambia kaka: ndoa basi, kila mutu arudi kwao!"

Basi Subira aliposikia viatu vya Shangazi vinakuja, pwata, pwata, ulimi ukakimbia mbele ya akili.

"Mwalimu ameisha kuchinja?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Vizuri. Leteni maji ya moto."

Na nani angejua? Mwalimu Sumaili alikuwa amepanda baisikeli yake kwenda Nyangwe kusalisha watu. Kuku wakanyonyolewa, wakakatwa, wakaingia chunguni na mawese na vitunguu. Harufu ikapanda mpaka barabarani. Kila mtu alimeza mate, isipokuwa Subira. Yeye alikuwa anameza uongo, na uongo haushuki.

Alijaribu kujitetea moyoni. Kuku ni kuku. Mathilde ana roho nzuri. Lakini kila alipomtazama baba yake na ile kanzu yake safi, aliona kitu kingine: baba atakula kile ambacho maisha yake yote amekikataa, na atakula kwa sababu anamwamini mtoto wake.

Mikeka ikatandikwa. Watu wa Kasongo upande huu, watu wa Kabambare upande ule, katikati pamebaki nafasi ya mtu kulala. Wanachekeana kwa adabu, kama watu wanaosubiri kwa daktari. Sinia likaja. Baba Bulaimu akanawa, akanyoosha mkono.

"Bismilla..."

"Baba, usikule!"

Weee! Mkono wa baba ukabaki hewani. Subira akapiga magoti, akasema yote bila kupumua: kitanda, springi, nguzo, Mwalimu, uongo. "Mathilde alitaka kunisaidia tu. Yeye hana kosa. Kosa ni la mimi!"

Shangazi akasimama, kitenge kinataka kumwanguka. "Nilisema! Sikusema? Nilisema..."

"Mama Aziza, ngoja." Ilikuwa sauti ya Mama Emilienne. "Kama mutoto amesema, mi mutu mukubwa nitanyamaza namna gani? Mi pia nimewadanganya."

Watu wote wakageuka.

"Sikushiba hata siku moja. Ukoo wetu hatukulake mbuzi. Mama yangu hakukula, na mama yake hakukula. Niliogopa mutasema, ona washenzi wa pori na miiko yao. Siku mbili, mama! Nakula ndizi nyuma ya nyumba, najificha kama mwizi!"

Shangazi Aziza akafungua kinywa. Kilichotoka kilikuwa ni kicheko, kicheko kikubwa cha kupiga mapaja. "Njaa! Mukwe wangu anakufa njaa ndani ya nyumba yangu, na mi nalia usiku sababu ya chungu!"

Hapo harusi ikafunguka. Baba ya Albertine, Mzee Jean-Marie, akatoa kikapu cha samaki wa moshi wa mto Luama. "Nilileta, kisha nikaona haya, nikasema watu wa mujini watacheka." Shangazi mwenyewe akawapika na sombe, majani ya muhogo. Kuku wakapelekwa kwa wageni wa Kabambare, samaki wakaliwa na wote, na ile nafasi katikati ya mikeka ikajaa watu.

Baba Bulaimu akamwita Subira na Mathilde karibu.

"Subira, kesho utafua kanzu zote za harusi, peke yako. Ni malipo ya uongo. Lakini sikieni. Watu wa namna mbili wakikutana, kila mutu anaogopa: huyu anajifungia, huyu anajificha, huyu anacheka kicheko cha uongo. Kuchanganyika haiharibu mutu. Inayoharibu ni kuficha. Ukiniambia kweli nini iko ndani ya sahani, mi najua nikule ama niache, na tunabaki ndugu."

"Kanzu ngapi, Baba?" Subira aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kumi na moja."

"Nitamusaidia," alisema Mathilde. Baba akamwangalia. "Kufua tu, Baba! Kufua tu!"

Jua likaanza kushuka. Wale mama wawili walikuwa bado wameketi kwenye mkeka mmoja, magoti yanagusana, na Shangazi ndiye aliyekuwa anauliza, anauliza, hachoki.

"Na ndoa yako, mukwe, ilikuwa namna gani?"

"Ndoa yangu!" Mama Emilienne akafuta machozi ya kicheko. "Asubuhi ya ndoa nilimuona bwana arusi anakuja na kofia ya mupe, yule padri wa misioni, kichwani, nikakimbia, nikapanda juu ya ghala la mpunga, nikavuta ngazi."

"Uongo! Nani alikushusha?"

"Ah, mama, ile ni ndefu, na leo samaki imenijaza kweli kweli. Lala kwanza. Kesho, tukiwa tunapepeta mpunga, nitakueleza nani alinishusha."