Nusu Iliyokataliwa

Kengele ya mwisho ikishalia, Chapuchapu hakwenda nyumbani moja kwa moja. Kila alasiri alipitia kwanza saluni ya mama yake, chumba kimoja chenye viti viwili, kioo kirefu na harufu ya mafuta ya nywele isiyotoka hata mlango ukiachwa wazi kutwa nzima. Alifagia nywele zilizodondoka sakafuni, akanawa mikono, kisha akakaa kwenye kibao karibu na dirisha na kumsomea mama yake maswali ya hesabu.

Mama yake alikuwa msusi, na vidole vyake viliijua kazi hiyo vizuri hata akili ikabaki huru kufanya mambo mengine.

"Mbili ya tano, jumlisha moja ya tano," Chapuchapu alisoma kwenye simu.

"Tatu ya tano," mama alijibu bila kuinua macho.

"Jamani, Mama Chapu," mteja akalalamika huku kichwa kimeinamishwa, "leo nasukwa au nafundishwa?"

"Vyote viwili, mdogo wangu. Ila ukitikisika, mstari utapinda, na hapo usinilaumu."

Wakacheka. Lakini kwa mama, jambo lenyewe halikuwa mzaha. Aliacha shule akiwa na umri kama wa Chapuchapu ili alee wadogo zake. Sasa wadogo walikuwa na nyumba zao, na yeye alitaka kujiunga na chuo cha wauguzi wasaidizi. Ili apokelewe ilibidi afanye mtihani Jumamosi, na humo kulikuwa na hesabu za sehemu. Sehemu ndizo zilizokuwa zikimtoa jasho tangu utotoni.

Programu ya simu aliyoitumia mama kujifunzia iliitwa Kokotoa. Haikuwa mali ya mtu mmoja. Ilitengenezwa na watu wengi wa mahali pengi, walimu, wanafunzi na wastaafu, ambao wengi wao hawakuwahi kuonana ana kwa ana. Msimbo wake, yaani maagizo yanayoiambia kompyuta la kufanya, uliwekwa wazi ili yeyote ausome. Ukiona mahali pa kutengeneza, unatengeneza, unatuma, na mwenzako anakagua kazi yako kabla haijapokelewa. Shuleni kwa kina Chapuchapu kulikuwa na kikundi kilichoshiriki kazi hiyo chini ya mwalimu wa kompyuta. Aliyewakagua ni bibi mmoja, mwalimu mstaafu aliyeishi mbali sana. Wote walimwita Darubini kwa jinsi alivyokuwa mwepesi wa kuona makosa.

Chapuchapu naye jina lake halikutoka hewani. Alikula haraka, akatembea haraka, na wenzake waliapa kwamba hata kupiga chafya alipiga haraka. Basi Darubini alipoandika kwamba ukurasa wa sehemu unachelewa kwenye simu kuukuu, na kuuliza ni nani angeweza kufupisha hatua zake, mkono wa Chapuchapu ulikuwa juu kabla mwalimu hajamaliza kusoma ujumbe.

Kazi ilikuwa kurahisisha majibu. Jibu likiwa 2/4, programu inatakiwa kugawa juu na chini kwa mbili ili ibaki 1/2. Njia ya zamani ilijaribu namba moja baada ya nyingine, kwa subira, mpaka ipate ile kubwa kuliko zote inayogawa juu na chini. Chapuchapu aliona huo ni mzunguko wa bure. Aliandika msimbo mfupi uliojaribu mbili, tatu na tano tu. Ukurasa ukafunguka upesi, akapiga makofi peke yake.

Furaha hiyo haikudumu. Kokotoa ilikuwa na desturi yake: kila kipande cha msimbo kiliwekewa majaribio, yaani maswali ambayo majibu yake yanajulikana. Programu huyajibu yote kabla kazi mpya haijatumwa. Jibu likilingana, taa ya kijani. Lisipolingana, nyekundu. Siku hiyo kijani zilijipanga vizuri, ila moja ikawaka nyekundu. Jaribio lilikuwa 5/14 + 2/14. Jibu lililotakiwa ni 1/2. Msimbo wa Chapuchapu ulitoa 7/14, kwa kuwa saba haigawanyiki kwa mbili, wala kwa tatu, wala kwa tano.

Kijana aliyekaa kompyuta ya jirani alichungulia. Huyu walimwita Swali, na hahitaji kuelezwa zaidi.

"Kwa nini ina nyekundu?"

"Inajifanya tu." Chapuchapu alifungua faili la majaribio, akafuta 1/2, akaandika 7/14. Nyekundu ikageuka kijani.

"Kha! Umebadilisha jibu?"

"Saba ya kumi na nne na nusu si ni kitu kile kile?"

"Kama ni kitu kile kile, umekigusa kwa nini?"

"Wewe nawe! Toleo jipya linatoka kesho. Niache nitume."

Alitaka kazi yake iwemo kwenye toleo hilo. Hakutaka sifa za shuleni. Alitaka mama, akifungua simu pale saluni, atumie kitu kilichotengenezwa na mkono wa mwanawe. Alituma. Darubini alipoona taa zote za kijani aliipokea kazi na kuandika, "Vizuri sana, mjukuu wangu." Chapuchapu alitembea siku nzima kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Jumatano, toleo hilo likiwa limeshatoka, alipofika saluni hakukuwa na mteja. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, simu mapajani, uso umemsawajika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hebu njoo unieleze, mwanangu. Tano ya kumi na nne, jumlisha mbili ya kumi na nne, ni ngapi?"

"Nusu," Chapuchapu alijibu harakaharaka.

"Na mimi nimeandika nusu. Tazama."

Kwenye kioo cha simu kulikuwa na maneno: *Si sahihi. Jibu ni 7/14.*

Chapuchapu aliyasoma mara mbili. Hakuwa amefikiria hilo hata kidogo. Programu hulinganisha jibu la mtu na jibu lake yenyewe, na jibu lake sasa lilitoka kwenye msimbo aliouandika yeye.

"Si hilo tu," mama akaendelea. "Kule imenitaka nikate mbili ya nne iwe nusu. Nikakata. Nimekuja hapa nikakata, imenikatalia. Nne ya ishirini na moja, jumlisha tatu ya ishirini na moja, nimeandika theluthi, imekataa. Sasa sijui nikate lini na nisikate lini. Nilidhani nimeelewa, kumbe nilikuwa najidanganya."

"Labda ni simu, mama," alisema Chapuchapu. Sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtu mwingine.

"Simu haina kosa. Kichwa changu ndicho kimeota kutu." Mama aliinuka, akaifungia simu kwenye droo ya vitana. "Jumamosi siendi. Bora nibaki na nywele zangu, hizi hazinigombezi."

Alijaribu kucheka, lakini machozi yakamtangulia, akageukia kioo kama anayepangusa vumbi. Chapuchapu alimwonea mama yake huruma iliyomuuma kifuani kabisa. Na juu ya huruma, aibu.

Akili yake, kama kawaida, ilikimbilia njia ya mkato. Angeweza kuurudisha msimbo wa zamani kesho asubuhi, toleo jingine likatoka kimya kimya, na mtu yeyote asijue. Lakini alipomtazama mama akipangusa mgongo wa kiti uliokuwa safi tayari, aliona kwamba hiyo isingetosha. Programu ingepona, na mama angebaki akiamini kwamba yeye ni mjinga.

Akapiga moyo konde.

"Mama, hukukosea. Ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

Alieleza yote, la mbili, tatu na tano, la taa nyekundu, na la jibu alilolifuta. Alisema haraka mwanzoni, kisha polepole, kwa sababu kila neno lilikuwa zito kuliko lililotangulia. Mama alisikiliza kitambaa kikiwa mkononi.

"Kwa hiyo nusu yangu ilikuwa nusu?"

"Ilikuwa nusu, mama. Na theluthi ilikuwa theluthi."

"Na dakika chache zilizopita niliposema najidanganya, ukaniambia labda ni simu."

Chapuchapu alianza kulia. Mama hakumkimbilia kumbembeleza. Alikaa, akamwacha alie, kisha akamvuta akae karibu naye kwenye kiti kile kimoja ambacho hakikuwatosha.

"Umeniumiza, sitakuficha," alisema. "Lakini umesema mwenyewe, na nimekusikia. Sasa je, ni mimi peke yangu ninayetumia hiyo Kokotoa?"

"Hapana. Ni watu wengi."

"Basi wako wengine waliokaa mahali leo wakidhani vichwa vyao vimeota kutu. Kesho uwaambie wenzako. Kwa mdomo wako, si kwa kumtuma mtu."

Kesho yake mwalimu wa kompyuta alimsikiliza Chapuchapu mpaka mwisho, akavua miwani, akaivaa tena. Hakupandisha sauti. Alimpigia Darubini simu ya video kwa kompyuta kubwa ya mbele, kikundi kizima kikasogea, na Chapuchapu akasimama na kurudia yote. Hakuruka neno.

Darubini alikuwa bibi mwembamba mwenye kilemba cha bluu na kikombe cha chai mkononi. Alikiweka chini.

"Ahsante kwa kusema, mjukuu wangu. Na mimi nina sehemu yangu. Niliona kijani nikaridhika, sikutazama kama jaribio lenyewe limeguswa. Mnaniita Darubini, kumbe siku ile nilikuwa nimefumba jicho!"

Watoto wakacheka, na Chapuchapu akapata kuvuta pumzi.

"Kuanzia leo," bibi akaendelea, "anayebadilisha jibu la jaribio aandike sababu, na wawili wakague. Sasa tutengeneze. Nani atakaa na mwenzake?"

Swali alikuwa ameshasogeza kiti. "Mimi. Lakini nitauliza."

"Uliza," Chapuchapu alisema. "Safari hii nitajibu."

Darubini aliwaonyesha njia iliyo fupi na ya kweli: gawa kubwa kwa ndogo, chukua baki, gawa tena ile ndogo kwa baki, endelea hivyo mpaka baki iwe sifuri. Namba ya mwisho uliyogawia ndiyo kubwa kuliko zote inayogawa juu na chini. Kwa kumi na nne na saba iliishia hatua moja tu. Chapuchapu alirudisha 1/2 mahali pake, akaongeza majaribio ya saba, ya kumi na moja na ya kumi na tatu. Swali aliuliza mpaka mwalimu akashika kichwa, na katika maswali yake moja lilifichua kosa jingine dogo ambalo Chapuchapu angelipita mbio. Walimaliza jua limeshaanza kulegea, na taa zote zikawaka kijani bila ya kuchokonolewa.

"Bado jambo moja," Darubini alisema. "Kwetu, anayegundua kosa hushukuriwa kwenye maelezo ya toleo jipya. Hili amegundua nani?"

"Mama yangu," alisema Chapuchapu. "Ni msusi."

Ijumaa mchana toleo jipya lilitoka. Chapuchapu alikimbia njia nzima mpaka saluni, akaitoa simu kwenye droo, akaifungua na kumpa mama. Mama alikuwa katikati ya kusuka. Alifuta vidole kwenye aproni, akasoma kwa sauti, taratibu:

"Sehemu zenye namba kama saba hazikuwa zikirahisishwa. Tumerekebisha. Tunamshukuru mama msusi anayejiandaa kwa mtihani, ambaye ndiye aliyeligundua kosa hili. Jibu lake lilikuwa sahihi tangu mwanzo."

Alirudia sentensi ya mwisho, safari hii bila sauti, midomo tu ikicheza.

"Mama Chapu, mbona umesimama?" mteja aliuliza. "Kichwa changu kiko nusu!"

"Na nusu ni nusu, mdogo wangu, hakuna wa kuikataa," mama akajibu, na mara hii kicheko kikatangulia machozi. Kisha akamgeukia binti yake. "Nisomee swali. Gumu."

Walisoma mpaka saa ya kufunga. Jumamosi asubuhi Chapuchapu alimsindikiza mama yake hadi lango la chuo. Watu wengi walikuwa wakiingia, karibu wote vijana kuliko mama. Mama alisimama, akamrekebishia binti yake kola ya shati.

"Nikuambie kitu kabla sijaingia," alisema. "Kukosea hesabu si aibu. Mimi leo huenda nitakosea, na nitajifunza. Lakini ile taa nyekundu ilikuwa inakwambia ukweli, na wewe ukaona uizime. Ukificha kosa, halifi, linakwenda kumuumiza mtu mwingine, na mara nyingi ni mtu unayempenda. Ukilisema, watu wanakuja kulibeba pamoja nawe. Umewaona."

"Nimewaona, mama."

"Na ukikaa na wenzako kazini, yule anayekuuliza maswali mpaka anakuudhi, huyo usimfukuze."

Chapuchapu alitikisa kichwa kukubali. Mama aliuchukua mfuko wake, akapita langoni, akaongeza hatua ili asichelewe.

"Mama!" Chapuchapu aliita kwa nyuma. "Usifanye chapuchapu!"

Mama aligeuka, akacheka, akapunguza mwendo, akaingia kwenye chumba cha mtihani.