Gari la Bati Lililosuguliwa

Kila asubuhi Wembe alipiga pasi shati lake la kazi, kola kwanza. Leo simu ililia kabla hajafika kwenye mikono.

"Wembe."

"Nipo, Mkuu."

"Gari la bati la kuchezea limeuzwa mtandaoni kwa bei ya nyumba. Mnunuzi ni Miwani, yule jasusi wa nje anayesaka ramani zetu za rada. Anakwenda kulichukua sasa hivi. Duka ni la kaka yako."

Akachomoa pasi.

Bei haikumshtua. Kaka alimfundisha zamani: watoto huvunja magari yao, mama zao hutupa vipande, kisha watoto hao hukua, wakapata fedha na kukumbuka utoto. Machache yaliyosalia mazima hugombaniwa. Ila rangi ya kiwandani haiguswi. Ukiisugua tu, umeiua bei.

Akafungua picha ya tangazo.

Gari liling'aa kama kijiko kipya.

Limesuguliwa, likapakwa rangi upya. Na bado bei ya nyumba?

Hakuna aliyekuwa akinunua gari.

Yamaha yake ikanguruma.

Dukani kulinuka rangi mbichi. Miwani alikuwa kwenye kaunta, boksi la gari kwapani.

"Weka chini!"

Miwani akachomoa bastola. Teke la Wembe likaiwahi. Jamaa akaangukia kabati la vioo, akazirai; gari likachomoka boksini, likapasuka sakafuni. Ndani, kadi ndogo ya kompyuta.

Zile ramani za rada. Nchi nzima ingelala bila macho.

"Mdogo wangu," kaka alisema kutoka nyuma ya kaunta, "mimi nauza midoli tu!"

"Wewe? Usugue gari la zamani? Mteja akiligusa kwa kidole tu unamfukuza!"

Kaka akainama. "Nilichomelea kadi humo. Ilibidi nifiche alama."

Redio ikakoroma. "Wembe, hali?"

"Kadi ninayo. Nimekamata wawili."

"Wawili?"

"Umenisikia, Mkuu."

Akamfunga kaka pingu. Akazibana kuliko ilivyohitajika.

"Mlango wa nyuma uko wazi," kaka alinong'ona. "Mama atakufa kwa aibu. Basi hata nitukane! Unaninyamazia kama mgeni?"

Wembe alivaa helmeti, akafunga mkanda wake taratibu. Ving'ora vilikuwa vimefika kona. Mlangoni akageuka.

"Ungekimbia, kaka, ningekupiga risasi. Umenifikisha hapo. Sikusamehi."