Juzuu ya Kumi na Saba

Saa 5:10 asubuhi

Khaled alichora nyumba kwa chaki juu ya meza ya seremala. Mlango. Sebule. Ujia. Chumba cha mwisho, chenye cherehani na sanduku la bati. Chumba hicho akakizungushia duara, akajifuta chaki kwenye suruali.

Walikuwa wanne, nyuma ya karakana ya mbao katika mtaa wa Cibitoke. Msumeno ulikuwa ukilia upande wa mbele, na ndivyo walivyotaka. Khaled, mwenye duka. Honoré, mwenye kompyuta. Aboubacar, dereva, mtu wa maneno machache. Na Massoudi, fundi wa makufuli, ambaye Ijumaa kama ile angekuwa amejinyoosha nyumbani kwake lau asingemuoa Hayat, dada yake Khaled. Ukioa, unaoa na mashemeji. Hilo Massoudi alilijua akiwa amechelewa.

Duka la Khaled halikuwa na mlango wala rafu. Lilikuwa mtandaoni, kwenye soko lenye wateja mpaka Ulaya na Omani, na alikuwa akiuza kofia alizodai zimeshonwa kwa mkono. Tatizo ni kwamba nakshi za kofia zile hazikuwa zake. Zilikuwa za mzee Muadh wa Ngagara, na binti yake Lubna ndiye aliyekuwa akiziuza kwenye soko lilelile. Khaled alizinakili zote, akazishonesha kwa mashine. Alikuwa mvivu kiasi cha kuiba hata picha. Kwenye moja, vidole vya Lubna vilionekana vimeshika kofia.

Lubna akashtaki kwa hakimiliki. Duka la Khaled likafungwa. Khaled, uso mkavu, akajibu kwamba nakshi ni zake na mwizi ni Lubna. Wenye soko wakawaandikia wote wawili: kila mtu atume michoro yake ya asili. Siku ya mwisho ni leo, saa kumi na mbili jioni. Atakayeshindwa anafungiwa duka moja kwa moja.

Michoro ya asili ilikuwa kwenye daftari moja tu, ndani ya sanduku lile la bati. Mzee Muadh aliijaza kwa penseli miaka thelathini, kila ukurasa na tarehe yake. Sasa mzee alikuwa na siku arobaini kaburini. Lubna alimwambia Hayat mwenyewe, bila kushuku lolote, kwamba ataituma michoro jioni, hitma ya baba, kisomo cha juzuu zote thelathini za Kurani, ikiisha.

"Nyumba ya hitma haina mulinzi," Khaled alisema. "Hakuna mutu atakuuliza unataka nini. Unachukua juzuu, unakaa, unasoma kidogo, unaomba kutawaza. Kufuli ni wewe ulitia. Unarudi, unarudisha juzuu, unakula pilau, unaaga. Akija kufungua sanduku, saa imepita."

Massoudi aliuliza daftari litakwenda wapi baadaye.

"Tunapiga picha tu, shemeji. Kesho unalirudisha."

Aboubacar alitazama chini. Massoudi aliona, akajifanya hakuona.

Saa 10:05 jioni

Lubna alikuwa amesimama mlangoni mwenyewe na kikapu cha juzuu, mtoto wa pekee wa mzee. Alipomuona Massoudi uso ukamlainika. Akampa ya kumi na saba, akasema baba yake alikuwa akimtaja sana, kwamba fundi ni Massoudi, wengine wanabahatisha.

Afadhali angemtukana.

Massoudi alikaa kati ya wazee wawili, akafungua. Wenye kuijua juzuu ile wanajua inaanzaje. Aya ya kwanza tu inasema hesabu ya watu imewakaribia, nao wameghafilika. Alisoma kurasa mbili, kwa kweli, si kwa kuchezesha midomo, maana kuna mambo hata mwizi hawezi kuyafanyia mzaha. Kisha akainuka, akanong'ona kwamba anakwenda kutawaza.

Saa 10:28

Chumba cha mwisho. Sanduku la bati. Kufuli lilimjua mkono.

Hapo ndipo lilipotokea kosa, na wallahi jambazi mwingine asingelifanya. Kufungua kulitaka mikono miwili, na mkono mmoja ulikuwa na juzuu. Aiweke wapi? Sakafu ilikuwa na vumbi na nyuzi. Juu ya cherehani kulikuwa na kopo la mafuta. Kitabu cha Mungu hakiwekwi chini. Akaitia ndani ya kanzu, kifuani, akafungua sanduku, akatoa daftari, akalitia palepale kifuani. Akafunga.

Nyayo kwenye ujia. Sauti ya Lubna, ikiuliza mtu kuhusu birika. Badala ya kurudi sebuleni kama alivyofundishwa, Massoudi alitokea mlango wa jikoni, akavuka ua, akaingia kwenye gari alimongoja Aboubacar.

Saa 10:50

Walipofika karibu na bandari ndipo alipohisi vitu viwili mbavuni. Akagusa. Daftari, na juzuu. Jasho lilimtoka kama mtu wa malaria.

Ghala walilokwenda lilikuwa la wakala mmoja aliyempangisha Khaled kona ya kuwekea vitambaa vinavyotoka Kigoma. Honoré alikuwa ameshatandaza kompyuta juu ya marobota. Khaled alilipokea daftari, akalifungua ukurasa wa kwanza. Jina la Muadh, kwa wino wa buluu, na mwaka. Akaung'oa.

"Ulisema picha tu," Massoudi alisema.

Khaled alikwishashika ukurasa wa pili, akitafuta saini ya kukata.

Saa 11:06

Simu ya Massoudi ikalia. Lubna. Khaled akaashiria aweke sauti ya nje, wajue kama mambo yameharibika.

Hayakuwa yameharibika. Lubna hata sanduku hakuwa amelikaribia. Alimuomba radhi kwa kumsumbua, akasema juzuu zimehesabiwa, ni ishirini na tisa, na watu wote wanangoja kuomba dua.

"Kuirudisha si haraka, kaka Massoudi," alisema. "Mi nauliza tu, ulimaliza kuisoma? Ukisema ulimaliza, tunafunga hitma ya baba sasa hivi. Neno lako linatosha."

Khaled akatikisa kichwa juu chini, haraka haraka. Mdomo wake ulisema bila sauti: nimemaliza.

Neno moja. Angelisema, Lubna angelisadiki, na wazee wangeinua mikono. Mzee aliyemsifu angefungiwa hitma kwa uongo wa aliyemwibia. Massoudi alimfikiria Hayat, na nyumba yake itakavyokuwa kesho bila amani. Aliogopa, tena sana.

"Sijamaliza," alisema. "Nimesoma kurasa mbili. Na daftari la baba yako niko nalo, Lubna. Tuko bandarini, ghala la vitambaa. Kuja na watu."

Ngumi ya Khaled ilimkuta mdomoni kabla hajakata simu. Ya pili ilimwangusha kati ya marobota. Khaled akalikwapua daftari, akamwambia Aboubacar awashe gari.

Aboubacar alikuwa amesimama mlangoni na ufunguo mkononi. Akautazama. Akautupa nje, ndani ya mtaro wa maji machafu.

"Apana," alisema. "Marehemu anangoja."

Saa 11:34

Walikuja na kanzu zao, wazee na vijana wa hitma, kwa magari na pikipiki, wakiongozana na polisi wawili wa geti la bandari. Khaled alikamatwa akiwa amepiga magoti mtaroni, mikono ndani ya tope akitafuta ufunguo, daftari kwapani. Honoré mwenyewe alimpa Lubna ukurasa ulioraruliwa. Lubna akautandaza juu ya robota, akauunganisha na daftari pale ulipong'oka, akapiga picha. Ukurasa baada ya ukurasa.

Saa 11:51 akatuma.

Ndipo alipomgeukia Massoudi. Alikuwa amekaa chini, pingu mbele, damu kidevuni. Juzuu ilikuwa imefunguliwa juu ya magoti yake. Alikuwa akisoma tangu alipopigwa, na ilipofika pingu alikuwa amebakiza kurasa nne.

"Kaka Massoudi, mi sijakusamehe," Lubna alisema.

"Najua."

Akamwambia polisi asubiri kidogo. Polisi akatazama saa, kisha akawatazama wazee waliojaa mlangoni, akasubiri.

Massoudi akajaribu kugeuza ukurasa. Vidole sasa vilikuwa na damu ya kidevuni, naye hakutaka kuuchafua. Lubna akachuchumaa pembeni yake, bila kumtazama, akaugeuza yeye. Kisha wa pili. Kisha wa tatu.

Alipomaliza wa mwisho, Lubna aliichukua juzuu, akampigia simu ami yake aliyebaki Ngagara, akamwambia zimetimia thelathini. Walimpandisha Massoudi kwenye gari la polisi wakati wazee pale ghalani wakiinua mikono.

Yeye yake hakuweza kuiinua, polisi alikuwa ameshika pingu. Aliitikia amina hivyo hivyo.