Kumbe Fundi Saa Anatembea

"Mama, leo mzee amepanda ngazi bila kushikwa."

Mwalimu alidhani hakusikia vizuri. Siku zote humsubiri mumewe nje, kwenye benchi la getini mwa kliniki. Leo mvua ndiyo iliyomwingiza ndani, na huyu binti wa mazoezi ya viungo anamwambia mambo gani?

"Amepanda nini?"

"Ngazi. Kwani nyumbani hakuonyeshi?"

Amwonyeshe nini? Asubuhi hiyohiyo Mwalimu alikuwa amemwinua kitandani, amemwogesha, amemvalisha suruali, mgongo ukimlilia. Ndiyo maisha yao tangu mumewe, Fundi Saa, afanyiwe upasuaji wa nyonga. Kila akimwuliza kuhusu miguu, mzee alimjibu kwamba ugonjwa wake wa kutetemeka, Parkinson, ni kigeugeu, mwili ukigoma umegoma. Naye akaamini.

Akachungulia kwenye kioo cha mlango. Loo! Fundi Saa alikuwa anakatiza chumba peke yake, mkono ukitetemeka kama kawaida, miguu ikienda. Akageuka. Akarudi. Mwalimu akashika kitasa.

Alipousukuma mlango, mzee alimwona, akatafuta kiti haraka. Amechelewa.

"Usikae," Mwalimu alisema. "Nimekuona."

"Mke wangu..."

"Nimekubeba kama mtoto mchanga. Usiku nalala na maumivu, nanyamaza usijisikie vibaya. Kumbe unaniigizia?"

Binti wa mazoezi akaona haya, akajifanya anakunja mkeka. Fundi Saa alikuwa mkavu usoni. Uso huo ndio uliowakosanisha. Kabla mzee hajavunjika nyonga, Mwalimu aliona mume hacheki, haongei, akajua amechokwa. Akafunga begi aende kwa binti yao. Mzee alimkimbilia uani, akajikwaa, akaanguka. Begi likafunguliwa kwa huruma.

"Niambie kwa nini," Mwalimu alisema.

"Ulirudi kwa sababu nimevunjika. Nikasema nikipona, utalichukua tena lile begi."

"Kwa hiyo ukaona bora univunje mgongo?"

"Niliona aibu kila asubuhi. Lakini nikisikia unakuja kuniamsha, nashindwa kusema. Nisamehe."

Mwalimu akageuka, akatoka kwa hasira.

Nyuma yake akasikia hatua zinamfuata, kisha zikakatika. Fundi Saa alikuwa amenata kizingitini, visigino vinapapatika, miguu haitaki kuvuka.

"Mke wangu, imeganda."

"Endelea kuigiza."

"Safari hii kweli."

Ajue vipi? Mwongo akisema kweli, nani amsadiki? Binti wa mazoezi alikuja mbio, akamweleza kwamba kwa wagonjwa hawa mlango mwembamba hugandisha miguu, hata kwa anayepanda ngazi. Asimvute, ataanguka. Aweke kitu mbele yake, apate cha kuruka. Na ule uso, akaongeza, ni ugonjwa pia. Unakaza misuli, mtu akacheka moyoni pasionekane kitu.

Mwalimu alisimama kama aliyemwagiwa maji.

"Yaani hakunichoka?"

"Muulize mwenyewe, mama."

Akamtazama mumewe. Uso uleule mkavu, ila machozi yanatiririka.

"Ulinichoka?"

"Nikuchoke wewe? Nilikuwa nakufia, basi tu uso hausemi."

Miaka hii yote amelala kitanda kimoja na mtu anayempenda, yeye anahesabu amenuniwa! Mwalimu alitamani kumzaba kofi na kumkumbatia kwa wakati mmoja. Akarudi mpaka mlangoni, akaweka mguu wake mbele ya mguu wa mumewe.

"Ruka."

Fundi Saa akanyanyua goti, akauvuka mguu wa mkewe, akatua upande wa pili akihema. Mwalimu alimdaka kiuno.

"Bado nina hasira na wewe."

"Najua."

"Kesho unaoga mwenyewe."

"Nitaoga. Na wewe utakuwa wapi?"

"Mlangoni, nakusikiliza usije ukaanguka. Ulidhani nitakuwa wapi?"