Jina la Kaveke Lililoachwa Mlangoni

Alhamisi tarehe kumi na tisa mwezi wa sita, mwaka wa 2025, saa nne na robo asubuhi, Ndolo alikuwa uani kwake Kanyangi akipura ndengu. Shikeni siku hiyo na saa hiyo, ndugu zangu wa Kitui na Makueni, kwa sababu wakubwa wetu wakishaharibu kitu husema hakuna anayejua kilianza lini. Hiki kilianza saa nne na robo.

Kulikuwa kumetulia. Turubai limetandazwa, maganda yanapasuka chini ya fimbo, kuku wanaiba punje upande wa pili na Ndolo anajifanya hawaoni. Dirishani, ndani ya kikombe kilichovunjika mkono, ilisimama simu ya marehemu mkewe, Kaveke. Miezi saba tangu tumzike, na kila asubuhi Ndolo aliichomeka kwenye sola ijae moto. Ilipolia ting, alijiambia moyoni, "Bado wanamkumbuka." Alidhani ni rambirambi. Aliishia darasa la tatu, maandishi ya simu yalimshinda, na hakutaka mtu mwingine aishike.

Hazikuwa rambirambi. Ngojeni niwaeleze.

Kaveke alikuwa na kibanda sokoni, akijazia watu ritani za kodi, zile fomu za mapato za kila mwaka ambazo mwisho wake ni tarehe thelathini Juni. Wanaofanya kazi hiyo wametapakaa kila soko, kila mmoja peke yake na kompyuta yake, na ofisi ya kodi ikibadilisha jambo hawana wa kumuuliza. Ndiyo maana chama chao kilifungua jukwaa kwenye mtandao. Mmoja akikwama Mwingi, mwenzake wa Tawa anamjibu. Mwenyekiti wa chama alikuwa Kivuva. Kiti kilikuwa chake. Kazi ilikuwa ya Kaveke, aliyeitwa admini, yaani msimamizi wa jukwaa.

Na kazi yenyewe ni kufagia. Jukwaa likiachwa siku mbili linajaa takataka: wauza dawa za nguvu za kiume, watangazaji wa mikopo ya dakika tano, watu wa kamari. Kaveke aliwafuta kila alfajiri kabla ya kukama mbuzi. Tena mgeni hakuingia hivi hivi. Akiomba kuingia, Kaveke alimpigia simu na kumuuliza swali moja.

"Mama muuza maziwa amekuja kwako tarehe ishirini na tisa Juni. Hajui paswadi yake. Unaanza kumuuliza nini?"

Tapeli alijibu mambo ya kitambulisho, mambo ya mapato. Mjazaji wa kweli alicheka na kusema, "Namuuliza mwaka jana alijaziwa na nani." Kwa sababu paswadi ya mama yule haiko kichwani mwake, iko kwenye daftari la mtu wa saiba, yule mwenye kibanda cha kompyuta. Aliyejibu hivyo Kaveke alimwandika kwenye daftari lake: jina, soko, nambari ya simu. Kisha akamfungulia mlango.

Sasa rudini na mimi siku ya mazishi, mwezi wa Novemba. Kivuva alivaa suti, akashika mikrofoni, akasema, "Huyu mama hatuwezi kumwondoa kwenye jukwaa letu. Jina lake litabaki pale juu. Ni admini wetu wa milele." Hema zima lilipiga makofi. Ndolo alilia, na katika maneno yote aliyoambiwa siku ile, ni hayo tu aliyobeba akaingia nayo ndani. Wala hakuna hata mmoja, kwenye hema lile lenye watu waliosoma, aliyeuliza kazi ya Kaveke itashikwa na nani.

Kivuva hakuishia hapo. Alitaka memba wafike elfu moja kabla ya waheshimiwa fulani kuja Tawa kuwatembelea. Kaveke alikuwa ameacha memba mia tatu na kumi na wawili. Basi akamlipa fundi mmoja wa kompyuta, ile hodi ya Kaveke ikaondolewa, anayetaka aingie aingie. Walifika elfu moja. Akachapisha fulana zenye hesabu hiyo na uso wake kifuani.

Na ting, ting za dirishani zilikuwa hizi: "Admini, ona takataka hii." "Admini, toa huyu mtu." "Admini, mbona kimya?" Walikuwa wanamwita aliyekufa, na mumewe anapura ndengu akiona wanampenda.

Saa nne na robo simu ikaita kweli. Ndolo akaweka fimbo chini.

"Habari ya asubuhi, mzee wangu," akasema mwanamume mwenye sauti ya upole. "Pole sana na msiba. Napiga kutoka jukwaa la mama."

"Jukwaa la Kaveke?"

"Hilo hilo. Sasa mzee, kuna watu wanataka jina lake litolewe pale juu. Sisi tumekataa. Tunataka libaki."

"Nani hao wanataka litolewe?"

"Mzee, achana nao. Hapo kwa simu imeingia nambari sita. Nisomee tu, nilifunge lisitoke."

Herufi zilimshinda Ndolo, lakini nambari hazikumshinda. Ameuza mbuzi mnadani maisha yake yote. Alizisoma polepole, moja moja, zote sita, na yule mtu akamshukuru, akamwombea baraka. Ndolo akarudi kwa ndengu zake. Siku hiyo hata kuku hakuwafukuza.

Kabla ya saa sita, Kaveke akaandika kwenye jukwaa.

"Wenzangu wa kalamu," aliandika, "mtandao wa kodi umelemewa. Pitieni mlango huu mpya, mjaze haraka kabla ya tarehe thelathini." Hivyo ndivyo Kaveke alivyozoea kuwasalimia, wenzangu wa kalamu. Mwizi, aliyeingia kwenye akaunti yake kwa zile nambari sita, alikuwa amesoma maandishi yake ya zamani, akajifunza kuongea kama yeye. Mlango wenyewe ulipakwa rangi ufanane na ule wa ofisi ya kodi, na kila pini, ile nambari ya mlipa kodi, na kila paswadi ya mteja iliyoandikwa pale ilimwendea mwizi.

Saa nane Syombua, binti yao aliyerithi kibanda, alifika nyumbani anahema.

"Baba, simu ya mama ameishika nani?"

"Mimi. Nani mwingine?"

"Leo kuna mtu amekupigia?"

"Mtu mwema. Anatetea jina la mama yako."

Syombua alikaa chini, pale pale juu ya maganda. "Ulimsomea nambari?"

"Sita," akasema Ndolo, na alipoona uso wa binti yake akajua amefanya jambo, ingawa hakujua ni jambo gani.

Walimpigia mwenyekiti hapo hapo, sauti juu ili wote wasikie.

"Mwenyekiti, ni Syombua wa Kaveke. Kuna mwizi anaandika kwa jina la mama. Futa lile tangazo sasa hivi."

"Syombua, kwanza salimia. Baba yako hajambo?"

"Watu wanaibiwa tukisalimiana, mwenyekiti."

"Sasa hayo mambo ya kubonyeza mimi siyajui. Paswadi yangu iko na yule fundi."

"Na fundi yuko wapi?"

"Simu yake haishiki tangu mwezi jana. Lakini usipanike. Niko hapa Tawa na wageni, tukimaliza kula nitaliangalia. Hata mama yako angetaka tutulie."

Mnasikia? Mwenyekiti wa wajazaji kodi, na paswadi yake haijui, kama yule mama wa maziwa. Tofauti ni kwamba mama wa maziwa hakuvaa fulana. Wageni walikula mbuzi, wakapigwa picha, wakaenda. Tangazo likabaki siku ile, na kesho yake, na wiki nzima.

Alhamisi iliyofuata mwanamke mmoja alipiga hodi kwa Ndolo. Amevaa buibui, vumbi mpaka magotini. Aliitwa Shufaa, mwenye saiba huko Mwingi, karibu na mahali malori ya Garissa yanapoegesha.

"Nimekuja kumwona Kaveke," alisema, hata kiti hakukitaka.

"Unamtakia nini?"

"Mzee, nimefanya kazi na mke wako miaka minne na sura yake siijui. Kazi hii alinifundisha yeye. Sasa amenipa mlango, nimewapitishia wateja themanini na wawili, na wote wamefungiwa nje ya pini zao. Mmoja amesimama mbele ya duka langu akatangazia soko zima kwamba sisi na Kaveke tunagawana. Nataka aniambie usoni kwa nini."

Ndolo aliinuka. Alimpitisha nyuma ya nyumba, wakapita ghala, wakafika kwenye tuta lenye msalaba wa mbao.

"Huyu hapa," alisema. "Mwambie."

Shufaa alisoma jina. Akasoma tarehe. Akarudia kuisoma. "Inna lillahi," alisema kwa sauti ndogo. "Novemba? Mimi Machi nilimwandikia, hakunijibu, nikadhani amenikasirikia."

"Hawakuwaambia?"

"Nani atuambie? Jina lake si liko pale juu?"

Upepo ulipita kwenye mbaazi. Ndolo alivua kofia. Alikuwa hajalisema neno hili kwa mtu yeyote zaidi ya binti yake.

"Nambari nilisoma mimi. Walinidanganya kwamba jina lake litatolewa."

Hasira ikamtoka Shufaa usoni kidogo kidogo. "Na mimi niliyesoma, je?" alisema. "Tangazo liliandikwa 'haraka.' Kaveke hakuwahi kutuambia tufanye haraka, hata mara moja. Alikuwa anatuambia angalieni mara mbili. Nililiona hilo neno, mzee, na bado nikajaza."

Syombua ndiye aliyekumbuka daftari. Lilikuwa chini ya godoro, limefungwa na uzi, watu wale mia tatu na kumi na wawili kwa mwandiko wa Kaveke, na nambari za simu zao. Shufaa hakurudi Mwingi siku hiyo. Kwa siku tatu, binti na mgeni walipiga simu, mmoja kutoka mwanzo wa daftari na mwingine kutoka mwisho, na Ndolo akiwachemshia chai na kuwachajia simu.

"Ni Syombua. Mama alikufa Novemba. Anayeandika si yeye. Usipite mlango ule, na kama umepita badilisha paswadi za wateja wako leo."

Wengine walilia kwenye simu. Wengine walitukana. Bwana mmoja wa Tawa alisema, "Kumbe anaandika kutoka mbinguni. Basi mtandao wa huko ni mzuri kuliko wetu," na alipogundua hakuna anayecheka akaomba msamaha. Wengi waliokolewa kabla ya tarehe thelathini, na walioeleza wenzao sokoni waliwaokoa wengine. Lakini wale waliomiminika kupitia mlango wa Kivuva hawakuandikwa mahali popote. Hakukuwa na nambari za kuwapigia. Huko wezi walikula mpaka wakashiba.

Julai chama kiliita mkutano Tawa. Kivuva alikuja na fulana yake. Alieleza kwamba huu ni msiba wa teknolojia, haumchagui mtu, na kwamba kwa masikitiko akaunti iliyotumika ni ya marehemu, na familia haikuilinda simu. Watu waligeuka wakamtazama Ndolo.

Alisimama. Hajawahi kusimama mbele ya watu waliosoma.

"Nambari nilisoma mimi," alisema. "Darasa la tatu. Sikatai, na nitakufa nikijua hivyo. Sasa naomba mambo mawili. La kwanza, litoeni jina la mke wangu pale juu. Nililipenda likiwa pale. Leo nalisikia sokoni likitajwa pamoja na wezi, na yeye hawezi kujibu. La pili ni swali. Alfajiri iliyofuata mazishi, nani kati yenu alikuwa wa kufagia?"

Kivuva alimtazama katibu. Katibu akatazama karatasi zake. Kisha mwenyekiti akasema swali ni zuri, litawekwa kwenye kumbukumbu, na kwamba chai imefika, tuombe.

Jina bado liko pale juu. Kulitoa kunataka paswadi ya mwenyekiti, na paswadi iko na fundi, na fundi hapatikani. Juzi Syombua aliona mama yake anauza dawa ya nguvu za kiume.

MAFUNZO

Ndugu zangu, kumheshimu aliyekufa si kumwacha zamuni. Ukitaka kumpa heshima, chukua fagio lake siku ile ile na uwaambie watu wote kwamba ameondoka.

Nambari inayoingia kwenye simu haisomewi mtu, hata akiwa mpole, hata akikupa pole. Sisi tusiosoma tutalipia kosa hilo na hatukatai. Lakini anayekubali kuitwa mwenyekiti akubali pia kushika funguo kwa mkono wake, kumjua anayeingia, na kuamka alfajiri kutoa takataka. Akishindwa, akiache kiti.

Na wewe unayesoma, uwe ni wa chama cha maji, au cha kanisa, au cha msikiti, au cha soko, usiende nyumbani kutoka mazishini kabla ya kuuliza kile alichouliza Ndolo, ambacho Tawa hawajakijibu mpaka leo: kesho alfajiri, nani atafagia?