Mume Wangu Aliuficha Mgongo Wangu

Nina miaka thelathini na saba, ni mama wa watoto watatu, na ninaishi Kadutu, hapa Bukavu, kwa mama yangu mzazi. Mguu wangu wa kushoto ninauburuta. Nikishuka kwenda sokoni, vijana wananipisha njiani kama bibi kizee, nami nawashukuru huku roho inaniuma... Ndugu wasomaji, sikuzaliwa hivi! Ninawaandikia nikiwa bado na hasira, na sitajifanya kuwa imeniisha.

Zamani nilikuwa mbeba mizigo. Watu wa Bukavu wanatujua: sisi wanawake tunaopanda kutoka bandarini hadi soko la Nyawera, gunia mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, macho chini. Nilianza nikiwa msichana, na nilijivunia nguvu zangu. Mume wangu ni mwalimu. Nitamwita Papa Amani, kwa jina la mtoto wetu wa kwanza. Aliniona siku moja nikipita na gunia la makaa, akasimama, akacheka, akasema mama yake kule Kalehe angempenda sana msichana kama mimi. Mimi mjinga nikadhani ninasifiwa sura... Kumbe kilichosifiwa ni mgongo!

Mama mkwe alinipenda kweli. Tukienda kwake nilimpandishia mihogo yote kutoka shambani, naye aliwaita majirani waje kumwona mke wa mwanawe. Sikuwahi kumsikia akisifu kitu kingine kwangu. Si mapishi, si watoto.

Kisha maumivu yakaanza. Yalianzia kiunoni, yakashuka kwenye paja, yakafika vidoleni. Nikikohoa tu, machozi yananitoka. Nilimeza vidonge nikaendelea kubeba, mpaka asubuhi moja niliposhindwa kuinuka kitandani. Hospitalini walipiga picha, wakatuambia kwamba ule mto mdogo ulio katikati ya mifupa ya mgongo umetoka mahali pake na unabana mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Nikapasuliwa.

Kabla ya kutoka hospitalini, daktari alituita sote wawili. Hilo mlikumbuke, sote wawili! Alisema kutembea ndiyo dawa yangu, nitembee kila siku, nikiongeza kidogo kidogo. Nikitaka kuokota kitu nikunje magoti, nisiiname kwa kiuno. Nisibebe kitu kizito, na ile kamba ya kichwani niisahau kabisa. Ule mto ukitoka tena, mguu unaweza kufa. Papa Amani alikuwa ameketi kando yangu, akiitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mwema. Daktari akamuuliza kama ameelewa. Akajibu kwamba ameelewa vizuri sana.

Basi nikajitunza. Mama mmoja wa mazoezi ya viungo alinifundisha kulala chali, kukunja magoti na kuinua kiuno taratibu, bila papara, na kuacha mara moja nikisikia maumivu yanashuka mguuni. Kila asubuhi nilivaa korse yangu, ule mkanda mpana wa kushikilia kiuno, ndani ya kitenge, nikatembea. Mwanzoni nilifika kwa jirani tu. Baadaye nikafika mpaka barabara kubwa na kurudi. Nililala usingizi ambao sikuwa nimeulala kwa muda mrefu. Nilikuwa ninapona, jamani!

Siku moja mama mkwe akapiga simu. Baada ya salamu akaniuliza biashara yangu ya Goma inaendeleaje. Biashara gani? Goma ipi? Nikababaika, nikasema inaendelea vizuri. Papa Amani aliporudi kutoka shuleni nikamuuliza.

"Nilibaambia uko Goma," akasema. "Mama akijua balikupasua mugongo, atasema nikurudishe kwenu. Nyamaza tu. Utapona, hakuna mutu atajua."

Nikanyamaza. Niliogopa kurudishwa kwetu na watoto wangu wabaki kwake. Nani asingeogopa?

Haikupita muda, shemeji yangu mdogo akataka kuoa. Sasa sikilizeni desturi ya ukoo ule. Siku ya kupeleka pombe kwa wazazi wa binti, mke wa mtoto wa kwanza ndiye anayetangulia. Anabeba bidoni, yaani dumu zima la kasiksi, ile pombe ya ndizi, mgongoni, kutoka barabarani mpaka uani kwa wakwe. Wengine wote wanamfuata. Haruhusiwi kuitua njiani wala kumpa mwingine, kwa kuwa wanaamini kwamba akifanya hivyo ndoa ya wale vijana nayo itakatikia njiani. Wanaume hawabebi kitu. Wao wanavaa makoti!

Mke wa mtoto wa kwanza ni mimi. Nilimwomba Papa Amani aseme ukweli kwa mama yake mapema, wamtafute mtu mwingine. Aliniahidi kwamba akifika Kalehe atasema. Nilimwamini, ndiyo maana nilipanda gari.

Tulipofika, bidoni ilikuwa imekwisha kufungwa kamba. Kijiji chote kilikuwa barabarani. Mama mkwe mwenyewe alikuja akicheka kwa furaha, ameshika ile kamba kwa mikono miwili ili anivalishe. Nikamtazama mume wangu. Yeye akatazama viatu vyake. Nikamvuta pembeni.

"Mama Amani, leo tu," akaninong'oneza. "Batu bote beko banaangalia. Usinipatishe haya."

"Na muguu yangu?"

"Mungu iko."

Hayo ndiyo aliyonijibu, mwalimu wa watoto wa watu! Nikavalishwa kamba, nikainuka na mzigo. Njia ilikuwa inapanda, na mvua ilikuwa imeilainisha. Katikati ya mlima nilisikia kitu kimetoka kiunoni, moto ukashuka mpaka kwenye kisigino. Nilitaka kutua, lakini nyuma yangu walikuwa wanaimba, na mbele alikuwepo binti wa watu anayesubiri ndoa yake... Ningewaambia nini? Nikaendelea, nikiuma meno. Nilifika. Walinipigia vigelegele na kunisifu. Nikaketi chini, na sikuweza tena kusimama.

Walidhani ni uchovu. Wakanibeba mpaka kwa mama mkwe, wakanilaza kwenye mkeka, naye akaleta mawese anikande, mzee mmoja akaanza kunivuta mguu. Nililia kama mtoto. Papa Amani alikuwa amesimama palepale, na yeye peke yake alijua kwamba nisivutwe. Hakufungua mdomo!

Kisha mama mkwe akapandisha blauzi yangu, akakiona kile kidonda kilichopona.

"Kovu hii iko ya nini?" akauliza.

Nikamtazama mume wangu nikisubiri. Nilijua kwamba sasa atasema, kwa kuwa hakuna tena cha kuficha. Mnajua alisema nini?

"Hata miye sikujua, mama. Labda alifanyiwa kule Goma."

Wasomaji wangu, nimepasuliwa mara mbili, nimezaa watoto watatu, lakini maumivu kama ya neno lile sijayaona. Mwanaume aliyenishika mkono siku naingizwa chumba cha upasuaji! Nilipotaka kusema, kila mtu aliniona mwongo, maana ni mimi niliyeipokea simu ile na kusema Goma ni salama.

Niliachwa kwenye mkeka siku kadhaa, wakisema ni adhabu ya udanganyifu. Mguu ukafa ganzi, nikaanza kushindwa kuzuia mkojo. Ndipo habari zikamfikia kaka yangu, akaja kunichukua. Nilipasuliwa mara ya pili. Uwezo wa kuzuia mkojo ulirudi, mguu haukurudi. Daktari alisema mshipa ulibanwa muda mrefu mno, na kwamba ningeletwa siku ileile huenda mambo yangekuwa mengine. Nalala na maneno hayo kila siku.

Papa Amani hakuja kuniona. Watoto wamebaki kwake, ninawaona Jumapili baada ya misa. Akaoa msichana mwingine, Furaha, mwenye mabega mapana. Nilimchukia kabla sijamjua.

Mwezi uliopita Furaha alibisha hodi kwa mama yangu. Alikuwa na kitunga cha unga mgongoni, kamba kichwani, uso umelowa jasho.

"Yaya, mugongo inaniuma," akasema, akiniita dada mkubwa. "Inashuka mpaka mu muguu. Batoto baliniambia miye nikuulize we."

"Papa Amani anasema nini?"

"Anasema nisiambie mama yake."

Nilitaka kumfungia mlango. Nakiri kwenu, nilitaka aburute mguu kama mimi! Lakini alikuwa ameuma meno vilevile nilivyouma mimi siku ile mlimani, na mikono yangu ikaenda yenyewe kumtua mzigo. Nikamwonyesha makovu yangu yote mawili. Nikamwambia aende kwa daktari sasa hivi, asikubali kuvutwa wala kukandwa na mtu, kisha amwambie mama mkwe kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya majirani, mume asipate pa kuukana ukweli.

Na ninyi dada zangu, nawasihi kwa machozi. Mkipasuliwa mgongo, aliyepasuliwa aseme mwenyewe! Msimwachie mume awasemee, hata kama ana elimu, hata kama alilia kando ya kitanda chenu. Fuateni mazoezi mliyofundishwa, tembeeni, na mtu akiwaletea kamba kichwani, kataeni mbele ya watu wote. Aibu ya siku moja ingeniachia mguu wangu.

Furaha alishuka kwenda hospitalini mikono mitupu. Kitunga chake kikabaki mlangoni kwangu. Jana Papa Amani alituma mtu kukidai kile kitunga. Nimemjibu aje mwenyewe, avae ile kamba, akipandishe kwake.